NJIA INAANZIA WAPI? Historia fupi ya include, kutoka Unix mpaka Mtwara



Najua wengi mmezoea kukuta hapa habari za semina, bumu lililochelewa na wali maharage wa kantini. Leo nimekuja kivingine. Nataka kuandika historia, ila si ya Maji Maji wala ya mzee Livingstone (ingawa huyu atapita hapo katikati, mvumilieni). Ni historia ya mstari mmoja tu wa maandishi ambao nadhani umewanyima watu usingizi kuliko UE. Mstari wenyewe huu hapa:

Warning: include(inc/menu.php): Failed to open stream: No such file or directory

Kwa ambaye hajawahi kukutana nao: hapo seva inasema imetumwa ikalichukue faili fulani, imeenda, haikulikuta. Kinachoudhi ni kwamba ukifungua folda faili lipo! Unaliona kwa macho yako mawili. Hapo ndo mtu anaanza kuhisi kompyuta yake imerogwa.

Sasa mtaniuliza, wewe mwalimu wa Historia mtarajiwa, ya kompyuta yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kuna washkaji sita wa kozi yetu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Wametengeneza tovuti ndogo ya madesa ya kidato cha nne: notisi, ramani, na maswali ya kujipima. Nia yao ifanye kazi sehemu mbili. Kwanza kwenye intaneti kwa wenye simu. Pili, na hii ndiyo kubwa, inakiliwe kwenye flashi na kuwekwa kwenye kompyuta ya shule isiyo na intaneti kabisa, huko pembeni, Msimbati, Kilambo, Mahurunga, kote tunakopakana na mto Ruvuma. Mwanafunzi wa huko hana maktaba, hana bando. Akifungua ukurasa wa notisi akakuta menyu imepotea na maandishi ya Kiingereza ya kutisha juu, anafunga na harudi tena.

Mmoja wao aliyaandika yote kwenye laptopu yake, yakakubali vizuri. Yakapandishwa kwenye seva, ukurasa wa mbele ukafunguka kama kawaida. Kurasa za ndani zote, menyu hakuna. Akabaki anasema ile sentensi maarufu: "Ticha, mbona kwangu inafunguka?"

Daktari wa kompyuta angeanza na dawa. Mimi nimefundishwa kuuliza kwanza: jambo hili lilianza lini, nani alilianzisha, na kwa nini wakati ule lilionekana ni akili? Nikaanza kuchimba, na nilichokuta ndicho hiki.

KUAZIMA FAILI NI WAZO LA ZAMANI

Wazo la faili moja kuliita jingine ni kubwa kwa umri kuliko sisi wote, na pengine kuliko wazazi wa baadhi yetu. Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kati ya 1972 na 1973 iliongezewa sehemu ya kuandaa maandishi kabla ya programu kujengwa, na humo ndimo lilimo neno #include. Nalo halikutoka hewani, lugha za BCPL na PL/I tayari zilikuwa na namna yake ya kuvuta faili jingine ndani.

Kwa nini watu walilitaka? Kwa sababu ile ile inayotufanya tusiandike jina la chuo upya kila karatasi bali tuwe na mhuri. Kitu kikirudiwa mara arobaini, kiandike mara moja, kisha kila mahali useme "leta kile".

Katika C kuna mazoea mazuri ambayo yapo mpaka leo. Ukiandika jina la faili ndani ya alama za kunukuu, kwanza linatafutwa jirani na faili lile linaloomba. Yaani aombaye ndiye kituo cha kuhesabia. Kumbukeni hapo, tutaparudia.

Miaka ya mwanzo ya 1990 wavuti ikaja. Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye kituo chao cha NCSA, walitengeneza seva iliyotumiwa sana siku zile, na ndani yake wakaweka uwezo wa ukurasa kuvuta kipande cha ukurasa mwingine kabla haujatumwa kwa msomaji. Kwenye seva ya Apache iliyofuata nyayo hizo, uwezo huo bado upo, na una maneno mawili tofauti. Ukisema "file", njia inahesabiwa kutoka folda ya ukurasa wenyewe, na huruhusiwi kupanda juu kwa ../ hata kidogo. Ukisema "virtual" ukaanza na mkwaju, njia inahesabiwa kutoka mzizi wa tovuti nzima. Maneno mawili, vituo viwili, kila mtu anajua anahesabu kutoka wapi. Safi kabisa!

HALAFU IKAJA PHP

Mwaka 1994 kijana mmoja mzaliwa wa Greenland, Rasmus Lerdorf, aliandika vijiprogramu kwa lugha ya C ili ajue nani anasoma wasifu wake mtandaoni. Juni 1995 akaviachia kwa umma. Hata jina lake la kwanza lilimaanisha zana za ukurasa wa nyumbani wa mtu binafsi. Jamaa hakuwa anatengeneza lugha ya kuendeshea vyuo na mabenki, alikuwa na kurasa zake chache tu.

Mwaka 1998 ikatoka PHP 3, iliyoandikwa upya kwa msaada wa Andi Gutmans na Zeev Suraski waliokuwa wanasoma chuo huko Israel (wanafunzi kama sisi, jamani!). Mei 2000 ikaja PHP 4, Julai 2004 ikaja PHP 5. Wakati huo wavuti ilikuwa inakua kama uyoga. Moodle, ambayo vyuo vingi vya Tanzania vinaitumia kuwekea masomo, ilitoka 2002. WordPress ikafuata 2003. Zote mbili ni PHP.

Sasa tatizo liko wapi? Kwenye PHP, njia inayoanza na ./ au ../ haihesabiwi kutoka kwenye faili linaloomba. Inahesabiwa kutoka folda ya kazi, na kwenye wavuti hiyo kwa kawaida ni folda ya ukurasa ule wa kwanza alioufungua msomaji. Soma tena pole pole, kwa sababu hapa ndipo kaburi la wengi lilipo. Faili la tatu likimwita la nne, linahesabu kwa miguu ya faili la kwanza.

Na kama jina halianzi na nukta wala mkwaju, mfano inc/menu.php, PHP inapita kwanza kwenye orodha ya folda iitwayo include_path. Ikikosa humo inaangalia folda ya faili linaloomba, mwisho folda ya kazi, ndipo inakata tamaa.

Kwa tovuti ya kurasa tano zilizo folda moja, utaratibu huu hauna shida hata chembe, maana folda zote hizo ni ile ile moja. Ndiyo sababu ulionekana ni akili. Shida inazaliwa siku tovuti inapopata vyumba.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mtu anakupigia simu: "Nenda mbele, kunja kushoto, shuka mpaka uone bahari, nipo hapo." Maelekezo mazuri sana, kama uko Shangani. Ukiwa Mikindani utakunja kushoto uende kusikojulikana. Maelekezo hayakubadilika hata neno, aliyebadilika ni msikilizaji na mahali aliposimama.

Na hapa ndipo mzee Livingstone anapita, kama nilivyoahidi. Mwaka 1861 aliingia kwa mdomo wa Ruvuma na meli ya Pioneer, maji yakapungua akarudi. Mwaka 1862 akarudia kwa mashua, akafika mbali zaidi, akakutana na miamba akarudi tena. Machi 1866 akaja mara nyingine akiwa na watu na wanyama wa mizigo, akataka kushukia pale pale mdomoni, mikoko ikamkatalia. Wakageuza chombo, wakashukia Mikindani, akaanza kutembea kwa miguu kuufuata mto kwenda bara. Ruvuma ni ile ile na nia ni ile ile ya kwenda bara. Alichobadilisha 1866 ni mahali pa kuanzia, na safari ikaenda.

MIKWAJU, HERUFI KUBWA NA NUKTA MBILI

Kuna mirathi mingine tuliyoachiwa. Unix, iliyoanza 1969 kwa akina Ken Thompson na Ritchie, inatenganisha folda kwa mkwaju wa kawaida, /. MS-DOS toleo la kwanza haikuwa na folda ndani ya folda, na alama hiyo ilikuwa imeshatumika kwa kazi nyingine, yaani kuweka vibadilisho vya amri. Folda zilipoingia kwenye MS-DOS 2.0 mwaka 1983, wakachukua mkwaju uliogeuka, \. Ndiyo maana mpaka leo laptopu ya Windows inaandika C:\xampp\htdocs na seva ya Linux inaandika /var/www. Bahati nzuri PHP kwenye Windows inaielewa / pia, kwa hiyo andikeni / siku zote mpumzike.

Windows inatumia nukta mbili baada ya herufi ya diski, C:, kwa hiyo isingeweza kuzitumia tena kutenganisha folda kwenye include_path. Kule inatumika nukta mkato, kwenye Linux zinatumika nukta mbili. Mtu akinakili mpangilio huo kutoka laptopu kwenda seva, unakufa kimya kimya.

Halafu herufi. Kwenye Linux, Maswali.php na maswali.php ni watu wawili tofauti kabisa. Kwenye Windows, kwa kawaida, ni mtu mmoja. XAMPP, ambayo imekuwepo tangu 2002 na wengi hapa tunaitumia kugeuza laptopu kuwa seva, haiwezi kukuonya jambo hilo ukiwa kwenye Windows. Utalijua ukishapandisha.

SASA ILE TOVUTI YA WASHKAJI

Tukakaa chini, tukasoma ule ujumbe mpaka mwisho. Watu wengi wanausoma nusu! Mstari wa pili ulikuwa unasema include_path='.:/usr/share/php'. Hapo ndipo siri ilipokuwa.

Mpangilio wao ulikuwa hivi: index.php ipo juu kabisa, kuna folda inc yenye kichwa.php na menu.php, na kuna folda historia yenye kurasa za mada. Ndani ya kichwa.php kuna mstari unaoita inc/menu.php. Ukifungua index.php, PHP inasimama folda ya juu, inaona inc/menu.php, mambo shwari. Ukifungua ukurasa ulio ndani ya historia, PHP inatafuta historia/inc/menu.php, haipo. Inajaribu jirani ya kichwa.php, yaani inc/inc/menu.php, nayo haipo. Basi.

Je, kwenye laptopu ilikubali vipi? Fundi aliyemwekea jamaa XAMPP alikuwa ameongeza folda ya tovuti hiyo kwenye include_path ya laptopu. Ushauri huo upo kwenye madesa mengi ya zamani yanayozunguka kwa flashi. Kwa hiyo laptopu ilikuwa inamsaidia mwenyewe bila kumwambia. Seva haikuwa na habari hiyo, na kompyuta ya shule Msimbati isingekuwa nayo pia.

Dawa ilikuwa kubadili mstari uwe hivi:

require __DIR__ . '/menu.php';

Maana yake: anza kuhesabu kutoka folda ya faili hili lenyewe, popote lilipo, yeyote aliyeliita. Na require badala ya include kwa sababu include ikikosa faili inalalamika kidogo na kuendelea, ila require inasimama pale pale. Kwa kitu ambacho ukurasa hauwezi kuishi bila hicho, bora ugundue mapema.

Ilibadilishwa mistari kumi na moja. Tisa ilikuwa ni njia, miwili ilikuwa ni Maswali yenye herufi kubwa. Kazi ya dakika ishirini baada ya siku tatu za kulaumiana.

__DIR__ ILICHELEWA KUZALIWA

Hapa nilishangaa. Hiyo __DIR__ inayoonekana rahisi hivyo ilikuja na PHP 5.3, tarehe 30 Juni 2009. Miaka kumi na minne tangu Lerdorf aachie zana zake! Kabla yake watu walikuwa wanaandika dirname(__FILE__), ndefu kidogo, ila inafanya kazi ile ile. Waliojua waliitumia. WordPress kwa mfano iliweka jina moja, ABSPATH, lililobeba njia ya folda kuu, kila faili likahesabu kutoka hapo. Ambao hawakujua waliendelea na ../../ mpaka wakasahau wako ghorofa ya ngapi.

Na angalieni tarehe. Siku 23 baadaye, tarehe 23 Julai 2009, kebo ya SEACOM iliwashwa na kuiunganisha Tanzania na dunia kwa waya wa baharini. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea satelaiti, polepole na ghali. EASSy ikafuata 2010. Kwa hiyo somo kuhusu kituo cha kuhesabia na intaneti ya maana vilitufikia karibu mwezi mmoja. Aliyejifunza kabla ya hapo alijifunza kwa vitabu vilivyopakuliwa mara moja na kunakiliwa mara mia, na vitabu hivyo havina __DIR__. Bado vipo kwenye flashi zetu. Si ujinga wa mtu, ni umri wa desa.

Kuna jingine la hatari zaidi humo. Zamani PHP iliruhusu include kuvuta hata faili lililoko kwenye tovuti ya mbali. Mtu akiandika ukurasa unaopokea jina kutoka kwenye anwani na kuliita moja kwa moja, mhuni alikuwa anaweka anwani ya programu yake, na seva yako inaiendesha kwa mikono yako mwenyewe. Tovuti nyingi zilivamiwa kwa mlango huo. Novemba 2006, PHP 5.2 ikaleta swichi iitwayo allow_url_include ikiwa imezimwa tangu kiwandani. Lakini mlango wa ndani bado unaweza kubaki wazi: mhuni anaweka ../../ nyingi na kusoma mafaili ya seva. Kwa hiyo kamwe usiite faili kwa jina alilokupa mgeni. Weka orodha yako ya kurasa zinazoruhusiwa, jina lisilomo kwenye orodha likataliwe.

Tangu 2012 kuna Composer, chombo kinachopanga mafaili ya programu kubwa na kuyaita yenyewe, kiasi kwamba waandishi wa programu za kisasa wanaandika require moja tu. Vizuri sana. Lakini hata hiyo moja inaanza na __DIR__!

MWALIMU AKIHAMA

Naombeni mnielewe kwa nini nimeandika marefu hivi. Walimu wanahamishwa. Anayetengeneza tovuti ya shule leo Mahurunga, mwakani yuko Kigoma. Kompyuta inaharibika, inaletwa nyingine, folda inapewa jina jipya, Windows inabadilishwa kuwa Linux kwa sababu ya virusi. Kama njia zote zimefungwa kwenye C:\xampp\htdocs\notisi, siku hiyo madesa yanakufa yakiwa mazima. Mafaili yote yapo, hakuna lililofutwa, na mwanafunzi haoni kitu. Kama kila faili linajihesabia lenyewe, folda inahama kama mtu na begi lake.

Kwa hiyo, kabla hamjapeleka chochote kijijini, fanyeni haya. Nakilini folda nzima, mpeni jina jingine kabisa, muiweke mahali pengine. Msifungue ukurasa wa mbele kwanza, anzeni na ukurasa ulio ndani kabisa. Ikilalamika, andikeni kwa muda echo getcwd(). Kisha echo __DIR__. Muone PHP inadhani imesimama wapi na faili lenyewe liko wapi. Vikiwa tofauti, mmeshapata jibu. Vikiwa sawa, angalieni herufi kubwa. Herufi zikiwa sawa, someni ujumbe tena: ukisema Permission denied, faili lipo ila ruhusa ya kulisoma haipo, hiyo ni kesi nyingine. Mkimaliza, zimeni maonyesho ya makosa kwenye seva ya umma, maana ujumbe ule unamwonyesha kila mpita njia ramani ya nyumba yenu.

Na mtu yeyote akikupa njia, ya faili au ya kwenda kwake, muulize kwanza: kuanzia wapi?

Haya wadau, flashi ya madesa ninayo, anayekwenda kufundisha upande wa Ruvuma anitafute kabla ya Ijumaa aichukue. Tuko pamoja.